Nilisamehe Kisichokuwa Changu

Mwila, mama yangu,

Umeenda kuaga wenzako wa korali, na shangazi yako amekwenda sokoni kukutafutia dagaa wa njiani. Nyumba iko kimya, begi lako limesimama mlangoni. Nimeketi juu ya kigoda changu cha kushonea viatu, daftari magotini, kwa sababu meza umeijaza karatasi zako za chuo na sitaki kuzigusa. Nimegusa karatasi za kutosha katika maisha yako.

Habari za kuchemsha maji, kufunga mlango, kutokubali chakula cha mtu usiyemjua, shangazi yako amekupa zote tangu Jumapili, tena mara mbili mbili. Mimi sina la kuongeza. Barua hii ni ya jambo moja, na nitalisema sasa hivi kabla mkono haujapoa. Dosie, jalada la kesi yako, haikupotea. Hakuna juji aliyekula malipo ya mguu wako, wala karani aliyeyauza. Ni mimi niliyeyaachilia. Saini yangu iko chini, na ile karatasi uliyoitafuta wiki tatu nimeikunja ndani ya bahasha hii.

Unaweza kuacha kusoma hapa ukitaka. Lakini nakuomba uendelee, na sikuombi kwa ajili yangu. Kuna mtu mwingine katika habari hii aliyebebeshwa kosa langu, naye yuko hai.

Ajali yenyewe unaijua kwa mwili wako, ila ulikuwa na miaka sita na mengine hukuyaona. Kamyo ilikuwa inarudi nyuma karibu na stesheni, imejaa simenti, nawe ulikuwa umeinama kuokota kandambili yako. Shoferi aliitwa Donati. Hakuwa amelewa. Hakukuona, basi. Alikubeba mwenyewe hadi hospitali akikimbia, na waganga walipokata mguu chini ya goti alikuwa amekaa nje kwenye udongo, shati lake limejaa damu yako. Mama yako Veronika alilala chini ya kitanda chako mwezi mzima. Ni yeye aliyefungua kesi. Mimi nilikuwa nasema Mungu amepanga. Yeye aliuza vitenge vyake vya harusi ili kumpata avoka wa kukutetea, na kila siku ya kesi alifika kabla ya mlango kufunguliwa, amekubeba mgongoni.

Akashinda. Juji aliamua kwamba mwenye kamyo na shoferi wake walipe wote wawili, kiasi cha kukutibu na kukubadilishia mguu wa bandia kila utakapokua, hadi uwe mtu mzima. Ilisomwa kwa Kifaransa, na mimi ndiye niliyemtafsiria mama yako maneno yale sikioni. Alipiga magoti palepale mbele ya watu. Nataka ujue kwamba niliyaelewa maneno hayo vizuri, kwa sababu yalipita mdomoni mwangu.

Sasa sikiliza kuhusu utani. Wewe umekulia mjini, unauona kama mchezo: mtu anakunyang'anya kuku njiani, anakutukana mbele ya wageni, nawe unacheka. Lakini nyuma ya mchezo kuna kaburi. Ukoo wako ukifiwa, ninyi mnakaa na kulia. Watani ndio wanaochimba, ndio wanaoshusha maiti. Ukoo wa Donati na ukoo wangu ni watani tangu mababu. Mama yangu, yule uliyerithi jina lake na ndiyo sababu nakuita mama, alikufa wakati wa mvua, miaka miwili kabla ya ajali yako. Shimo lilikuwa linajaa maji kadiri walivyochimba. Donati aliingia ndani, tope likamfika kiunoni, akatoa maji kwa ndoo, akampokea mama yangu mikononi na kumlaza. Mimi nilikuwa juu, namtazama. Nilijiambia siku ile kwamba na mtu huyu sitakuwa na neno hadi nife.

Basi baada ya hukumu, Jumapili moja watu wakitoka misa, Donati alikuja nyumbani na wazee wa kwao. Walikuwa wamejipaka jivu kichwani. Wakaketi chini, udongoni, na kuku mweupe na kipande cha kitambaa mbele yao. Majirani walijaa hadi barabarani, kwa sababu mambo ya utani hayafanywi kwa siri. Karibu na mlango alisimama kijana mmoja mwenye viatu vizuri, nilivitazama kama ninavyotazama viatu vyote, na bahasha kwapani. Alikuwa mtu wa tajiri mwenye kamyo.

"Mutani," Donati alisema, "njo mimi huyu. Nilimulalisha mama yako mu udongo na mikono hii. Leo sina ya kulipa, watanifunga. Unataka kunitupa mu buloko?"

Alikuwa analia kweli. Mzee wake akaongeza: "Mutani hawezi kulipisha mutani mbele ya serikali. Tangu lini tumeona mambo kama haya?"

Watu wote walinitazama mimi. Mwila, sijawahi kutazamwa namna ile, kabla wala baadaye. Mimi ni fundi viatu. Watu huniangalia wakiwa wamesimama, nami nimeinama. Siku ile wao waliketi udongoni na mimi ndiye niliyesimama. Nikainua mkono, nikasema yameisha. Wanawake wakapiga vigelegele. Yule kijana akaja na karatasi yake, nikasaini juu ya goti.

Usije ukafikiri kwamba walimdanganya mtu asiyejua kusoma. Niliisoma yote. Ilisema nimelipwa na nimeridhika, na sina dai tena juu ya shoferi wala juu ya mwenye kamyo. Ningeweza kusema Donati namsamehe, lakini tajiri alipe. Maneno machache tu, na hata wazee wangekubali, kwa maana tajiri hakuwa mtani wa mtu yeyote pale. Lakini vigelegele vilikuwa vimeshaanza. Kusimamisha furaha ya watu wengi vile ili kuuliza habari ya mstari mmoja, niliona aibu. Baadaye nilisikia kwamba hata yule kuku alinunuliwa na tajiri.

Mama yako alikuwa ndani anakubadilisha bandeji. Alitoka, wakampa kalamu ili naye asaini, kuna nafasi yake pale chini utaiona. Hakuipokea. Aliniuliza mimi, kwa sauti ya chini:

"Muguu njo ya nani? Ni yako?"

Nikamwambia asiniaibishe mbele ya watu.

"Mutoto ni wa kwetu. Ulipashwa kumuita kaka yangu kwanza. Ukoo wako umesamehe kitu ya ukoo wangu."

Na alikuwa na haki hata kwa mila ileile niliyojifichia. Kwetu mtoto ni wa upande wa mama, mjomba ndiye mwenye neno. Mimi niliyejifanya mlinzi wa desturi niliivunja pale pale, mbele ya mashahidi, na hakuna aliyenisahihisha kwa sababu kila mtu alikuwa anashangilia.

Nitakuambia kilichofuata, maana hicho ndicho kilichoniharibu zaidi. Nilipata jina. Watu walikuja kwenye kibanda changu na viatu ambavyo hata havikuharibika, wapate kuketi na kusema, "Papa huyu iko na roho ya pekee." Nilipenda. Nilishona huku nimeinamisha kichwa, najifanya sisikii, na nilipenda kila neno. Wakati huo wewe ulikuwa ndani ya nyumba unajifunza kusimama kwa kushika ukuta.

Mguu wa kwanza wa bandia ulitolewa bure na waganga waliokuwa wanapita, ukakutosha mwaka mmoja. Ulipofika darasa la tatu ulirudi kutoka shuleni soksi imelowa damu, ukaivua nyuma ya nyumba ili nisione. Niliona. Mwaka uliofuata ukasema unapendelea magongo, kwamba magongo ni mepesi. Nilikubali haraka, kama mtu aliyepewa zawadi. Sijui kama unakumbuka. Mimi nakumbuka kila siku nikitoboa ngozi.

Mama yako alivumilia mwaka mmoja. Alirudi kwenye ofisi ya tribunali, pale alipofungulia kesi, peke yake mara nyingi, wakamwambia mume ameshasaini. Hakunipigia kelele, na afadhali angepiga. Mwishoni alirudi kwao Kirungu, akataka kuondoka nawe. Nikamwambia akikuchukua nitamshitaki, mimi niliyekataa kumshitaki tajiri. Akaenda bila wewe. Alisema nikufikishe darasani kila siku, basi, hilo tu.

Ulikuwa na miaka tisa ulipoketi karibu na kigoda hiki na kuniuliza: "Papa, mama aliondoka juu ya muguu yangu?"

Nikajibu ndiyo.

Nilijua umeelewa nini. Nilijua kwamba utakwenda kulala ukiamini mama yako alishindwa kuishi na mtoto mlemavu. Ningeweza kukuita tena siku ile, au kesho yake, au siku yoyote ya miaka kumi na moja iliyofuata. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu imekuwa ndefu, na wewe ndiye uliyeitembea kwa magongo.

Tuje kwenye wiki hizi tatu. Mwalimu wako alipokuambia kwamba mtoto aliyepewa malipo na tribunali anaweza kuyafuatilia akishakuwa mkubwa, ulirudi nyumbani umebadilika uso. Nilipaswa kusema siku ile. Badala yake nilivaa koti langu na kukusindikiza. Tulikwenda biro hadi biro, wewe ukiuliza, mimi nimesimama nyuma yako nikitikisa kichwa kwa masikitiko. Walipokuambia dosie za zamani zililowa ziwa lilipopanda, ukajitolea kuzianika. Siku ngapi tumekaa kwenye ule uwanja, unafungua karatasi zilizogandana, unaziwekea mawe zisipeperuke, unanisomea kesi za watu: mipaka ya viwanja, mbuzi, mahari, yule mtu aliyedai baiskeli yake hadi akazeeka. Ulicheka sana na yule wa baiskeli, nami nikacheka. Ilikuwa raha, mwanangu. Hilo ndilo linalonitisha, kwamba nilikuwa naona raha kukaa nawe pale, nikijua hupati kitu.

Kisha ukaipata rejista, na jina lako ndani, na namba ya kesi. Safu ya mwisho, ile inayosema kesi iliishaje, ilikuwa imeliwa na maji. Ukapitisha kidole juu ya doa.

"Papa, walikula muguu yangu," ukasema.

Nami nikajibu: "Wakubwa njo vile wanafanyaka, mama."

Mdomo wangu ulisema hivyo bila kutetemeka. Nimeutazama kwenye kioo tangu siku ile, ni mdomo wa kawaida tu.

Yule mama wa grefu, mtunza majalada wa tribunali, mwenye miwani iliyofungwa uzi, alikuwa ameshaikuta dosie yako. Jioni ile uliponitangulia barabarani, aliniita.

"Papa, hii dosie niliiona tangu siku ya tatu. Njo wewe ulisaini. Sasa unamuzungusha mutoto na magongo yake juu ya nini?"

Akanipa nakala yenye muhuri, akaniambia, "Umupe wewe mwenyewe. Mimi sitamuambia, kwa sababu sitaki akuone mwongo mbele yangu." Nilimwambia nitakupa kesho. Hiyo kesho imefika leo.

Sasa unajua kwa nini nimechelewa mpaka begi limesimama mlangoni. Uliposema utakwenda Lubumbashi kusomea sheria ili usije kuona mtoto mwingine akiliwa dosie yake, niliona moto machoni pako ambao sikuuona tangu ulipokuwa mdogo. Na moto huo niliuwasha mimi kwa uongo. Nikisema kweli, naogopa utazimika, nawe hutapanda boti, utaketi hapa karibu na kigoda changu na kuzeeka. Nikinyamaza, utakwenda kusoma miaka yote hiyo ili kupigana na watu ambao hawakukufanyia kitu, huku aliyekufanyia anakutumia salamu. Nimegeuza jambo hili pande zote na sioni upande ulio mzuri. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi sitaki uyasikie haya kwa mtu mwingine siku ya matanga yangu.

Kwanza nilitaka kuiweka barua hii chini ya begi, uikute ukishafika mbali. Nikaona huo ni ujanja uleule. Nitakupa mkononi bandarini kabla hujapanda, na nitasimama pale hadi umalize kusoma. Ukitaka kunisemesha, nitakuwa hapo. Ukitaka kupanda bila kugeuka, panda. Sitakuita.

Baba wengine wangekuachia neno la hekima. Mimi nina moja tu, nalo nimelipata kwa gharama ambayo sikuitoa mimi. Usimsamehe mtu kwa niaba ya mwingine. Inapendeza sana, watu watakupenda, na aliyeumia atabaki na jeraha lake bila hata haki ya kulalamika, kwa sababu tayari imetangazwa kwamba yameisha. Hata nami usinisamehe kwa sababu eti mzazi ni mzazi. Shangazi yako atakuja na maneno hayo, namjua. Mwache aseme.

Donati alihamia upande wa Nyunzu, nasikia analima. Kamyo za tajiri zinapita bado mbele ya kibanda changu, na mashoferi wake wananiletea viatu. Ninavishona. Kuhusu karatasi yenyewe, yule mama wa grefu anasema baba peke yake hakuwa na ruhusa ya kuachilia haki ya mtoto, na nafasi ya mama yako iko tupu. Labda muda umepita, labda haujapita. Sikuandikii hayo ili kukupa tumaini, sina la kumpa mtu. Lakini utasoma, utajua kuliko sisi. Ukikuta kwamba njia inapita juu yangu, pita.

Lililobaki ni la mama yako.

Boti yako itatia nanga Moba kupakua mizigo kabla ya kuwapeleka mbele ninyi wa Lubumbashi mkashike barabara. Kirungu iko juu ya pale, pikipiki zinapanda. Yale maharage ya kila mwaka, yale mekundu unayosema ni matamu kuliko ya soko letu, niliyokuambia yanatoka kwa rafiki ya shangazi yako, yalikuwa yake. Kila mavuno alituma gunia, na juu ya gunia ameshona kitambaa chenye jina lako, na kila mara nilikifumua kabla hujarudi kutoka shuleni. Barua alituma mbili. Nilizichoma, nakuambia ili usipoteze muda kuzitafuta.

Sikumwandikia kwamba unapita. Sikuambii ushuke, wala sikuambii usishuke, nimekuamulia mambo ya kutosha. Ukishuka, bandarini uliza Mama Veronika wa Kirungu, anayeuza maharage, watakuonyesha. Atakapokuona atataka kujua ulikuwa wapi miaka hii yote na kwa nini hukumjibu. Mwambie kweli, ulikuwa kwangu. Na kabla hujafika mlangoni kwake, jua hili, hata kama mengine yote niliyoandika utayatupa ziwani: hakukukimbia wewe. Alinikimbia mimi.

Papa yako